Chupa za Chini ya Mashamba

Inspekta Wakiuru hakuwa mtu wa kungoja kukaribishwa. Aliingia maabara ya ofisi ya bonde la mto, akavuta stuli, akaketi, kisha akamwambia mkemia Mursal aanze upya, polepole, kama anayemweleza mama mkwe.

"Upya kutoka wapi, madam?"

"Kutoka kwa maji."

Mursal alivua miwani, akaifuta kwa koti lake jeupe. Alikuwa ameieleza habari hii kwa wakubwa wake, kwa mkuu wa kituo, na kwa konstebo Abdifatah ambaye sasa hivi alikuwa ameegemea mlango akipiga miayo. Hata hivyo alianza tena.

Ofisi yao ilikuwa imeshinda mwaka mzima ikiandaa mpango wa kupunguza udongo na fosforasi vinavyoingia katika mto unaopita nyuma ya Industrial Area. Udongo ulitoka kwenye viwanja vilivyochimbwa na kuachwa wazi. Fosforasi ilitoka kwenye mbolea, majitaka na sabuni, na ikizidi mtoni maji huota uchafu wa kijani mpaka hewa inakwisha ndani yake. Rasimu ilikuwa tayari kusomwa mbele ya wakaazi katika ukumbi wa Kaloleni. Lililobaki ni kukubaliana kazi ianzie wapi, na sampuli za mwisho zilikuwa zimenyoosha kidole mahali pamoja tu, mashamba ya mboga yaliyo ukingoni chini ya mtaa wa Mbotela.

"Juu ya mashamba fosforasi ni ya kawaida," alisema Mursal. "Chini yake imepanda vibaya sana. Kwa hivyo rasimu inasema mashamba yang'olewe."

"Halafu mkagundua asidi."

"Halafu tukagundua asidi. Kila chupa tunayotoa hapa ina asidi kidogo ndani, ili maji yasibadilike kabla hatujayapima. Chupa za juu ya mashamba zilirudi na asidi yake. Za chini hazikuwa nayo hata chembe. Mtu alizimwaga, madam. Hakuna njia nyingine."

Na mtu aliyekuwa na hizo chupa alikuwa mmoja. Aliitwa Muthama, mzee mchonga vinyago wa Mbotela, aliyejitolea kuichotea ofisi maji kwa sababu alizaliwa karibu na mto ule na alichoka kuuona ukifa. Polisi walipopekua nyumba yake walikuta nusu mfuko wa mbolea ya kupandia chini ya kitanda. Kisha akatokea shahidi aliyemwona akipokea mzigo kutoka kwa Mbuthia, mwenye ghala linalopakana na mashamba, ambaye kila mtu alijua anaimezea mate ardhi ile. Muthama alikuwa seli tangu jana. Kesho asubuhi angesomewa mashtaka ya kuchafua ushahidi wa serikali, na kwa mwanamume wa umri wake, jambo hilo lingemmaliza.

"Hii kesi imeiva, madam," Abdifatah alisema kutoka mlangoni. "Tuipakue tu."

Wakiuru alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wenzake. Kesi ikiiva haraka, yeye huanza kunusa sufuria.

"Mursal, hizo chupa za chini zilikuwa na udongo kiasi gani?"

"Kidogo. Maji yalikuwa yametulia. Mvua ilinyesha Ijumaa jioni, mzee akakatizwa, akaenda kuchota za chini Jumamosi."

"Mbolea ikitoka shambani hufikaje mtoni?"

Mursal alivaa miwani yake tena. "Hushikana na udongo. Fosforasi haitembei sana peke yake. Udongo ukibebwa na mvua, nayo hubebwa humo. Ndiyo maana katika mpango tumeviweka pamoja."

"Na hapa imefika bila udongo."

"Ndiyo maana tunasema alitia mbolea kwa mkono wake."

"Sawa. Mbolea ya kupandia ina fosforasi peke yake?"

"La. Ina naitrojeni pia."

"Mliipima?"

Mursal alizitazama karatasi zake, na hilo lilimtosha Wakiuru. Alisimama, akarudisha stuli mahali pake. "Una chupa moja ya chini ambayo haijafunguliwa. Ipime hiyo naitrojeni, unipigie simu. Usimwambie mtu kabla yangu."

Wakiuru na Abdifatah walimkuta Mbuthia ghalani, akiwafokea wapakiaji kwa sababu gunia lilikuwa limepasuka. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuitia mkutano, na alipowaona polisi hakujisumbua kuipunguza.

"Kama ni ile ardhi, naitaka. Andika. Nimeitaka tangu nianze biashara hapa. Kutaka ni kosa?"

"Ulimpa Muthama nini?" Wakiuru aliuliza.

"Nani?"

"Mzee wa vinyago. Ulimpa mzigo kando ya barabara, ukiwa umefungwa kwa gazeti."

Mbuthia aliwatazama mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza alionekana kuona haya. Aliwavuta hadi nyuma ya lori. "Mnajua binti yangu anaolewa Desemba? Wazee wa upande ule wanakuja kwangu. Nataka wakae kwenye viti vya kuchongwa, si plastiki. Nilimpelekea msasa na vanishi, kwa sababu ile yake ilikuwa duni, inanata. Na nilimwomba afunge mdomo, maana mke wangu anaamini tumekubaliana viti vya kukodi."

"Kwa hivyo hukumwambia lolote kuhusu maji."

"Maji gani, inspekta? Ningekuwa na njama, ningempa mtu kijana. Yule mzee kumaliza stuli moja ni mwezi."

Abdifatah alicheka, kisha akajikumbuka na kukunja uso. Walipokuwa wakirudi kwenye gari alisema mshukiwa yeyote mwerevu angekuja na hadithi ya harusi. Wakiuru alisema hilo ni kweli, na kwamba hadithi ya viti ina uzuri wake, kwa sababu viti ama vipo au havipo.

Kabla ya kwenda kuvitafuta walishuka mashambani. Shahidi wao, Mwelu, alikuwa akikata sukuma wiki, suruali imekunjwa hadi magotini. Yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa ukingoni. Pia alikuwa mdogo wake Kathini, mke wa Muthama, na jambo hili ndilo lililofanya ushahidi wake uwe mzito kituoni. Nani angemsingizia shemeji yake?

"Nimeshasema nilichoona," alisema bila kuacha kisu. "Nilimwona Mbuthia akimpa kitu. Hata wewe ungeona, ungesema."

"Ningesema. Ulimwona akitia kitu kwenye chupa?"

"La."

"Unadhani alitia?"

Mwelu alifunga fungu la mboga, akalitupa kwenye beseni kwa nguvu. "Madam, niulize hivi. Kama shemeji hakutia kitu, basi ile sumu ni yetu, si ndiyo? Watang'oa kila kitu. Hapa kuna akina mama wanaosomesha watoto kwa haya majani. Tuliwaambia watu wa ofisi tutapanda nyasi ukingoni, tuchimbe mitaro ya kushika udongo, wakasema watafikiria. Sasa hawafikirii tena."

"Kwa hivyo ni afadhali awe alitia."

Mwelu aliinua beseni, akaondoka nalo kuelekea upande wa pili wa shamba, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumuuzia. Wakiuru alimwonea huruma kuliko alivyotaka. Kati ya nyumba ya dada yake na shamba lake, mwanamke huyu alikuwa ameulizwa achague, na hakuna aliyemwomba radhi kwa swali hilo.

Nyumba ya Muthama ilikuwa katika zile za zamani za halmashauri, chumba na nusu, mlango wa kijani uliobabuka rangi. Kathini aliwafungulia akiwa na kitambaa kichwani na macho mekundu. Hata hivyo aliwakaribisha ndani, akawapangusia viti ambavyo havikuwa na vumbi.

Viti vya harusi vilikuwepo. Viwili vilikuwa vimekamilika na vingine viwili vilikuwa vikingoja msasa, na juu yake lilikuwa limekaa kopo la vanishi lisilofunguliwa bado. Wakiuru alimtupia Abdifatah jicho, naye akajifanya anasoma kalenda ya kanisa ukutani.

"Mama Muoki," Wakiuru alimwita Kathini kwa jina la mwanawe, "na ile mbolea?"

"Ni ya Mwala, kwetu. Kila mwaka tunapeleka kabla ya mvua. Waulize majirani, nusu ya ploti hii ina mbolea chini ya kitanda. Mtu ataiweka wapi, sebuleni?"

"Baba Muoki alipoleta chupa za maji, aliziweka wapi?"

"Hapo chini ya meza. Alikuja amelowa chapa, akasema zingine ataenda nazo kesho yake. Nikamkandia miguu, akalala."

"Kuna mtu aliingia hapa usiku huo? Au asubuhi?"

"Hakuna. Ni mimi tu na yeye." Alisema hivyo kwa uaminifu wote, bila kujua kwamba alikuwa akimfunga mumewe kitanzi. Wakiuru alikuwa ametumaini jirani, fundi, mtu yeyote.

Simu yake ilitetemeka. Alikuwa Mursal, akiongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye kanisani.

"Madam, hakuna naitrojeni ya kuongea habari zake. Imelingana na ya juu. Hii si mbolea ya kupandia."

"Ni nini, basi?"

"Sijui. Ni fosforasi safi tu. Si mbolea, na shambani hakutoki kitu kama hiki."

Wakiuru alikata simu na kukaa akitazama sakafu. Mbolea ilikuwa imetoka kwenye kesi, Mbuthia alikuwa ametoka, lakini asidi ilikuwa bado haipo. Hakimu angeuliza nani alimwaga asidi, na jibu lingekuwa lile lile.

Kathini, ambaye hakuweza kuketi na wageni bila kuwapa kitu, aliomba radhi kwamba chai itachelewa, gesi imekwisha. Akaona chupa ya maji ya Abdifatah mezani, ile ya plastiki anayotembea nayo kila mahali, ikiwa na maji kidogo ya tangu asubuhi.

"Hebu nikujazie, mwanangu. Nina ya mtungi, nimeyachemsha."

Aliichukua kabla konstebo hajakataa. Wakiuru alimfuata kwa macho kwa kukosa la kufanya, kisha macho yakakataa kumwachia. Kathini alimwaga maji yale ya asubuhi, akatia kijiko cha sabuni ya unga ndani ya chupa, akaongeza maji kidogo kutoka kwenye mtungi, akaitikisa mpaka povu likajaa hadi shingoni. Aliingiza kitambaa kwa kijiti, akasugua. Akamwaga. Kisha akachota nusu kikombe cha maji, akasuuza mara moja, akakung'uta chupa sinkini, akaijaza na kuirudisha ikimetameta.

"Mbona unasuuza kidogo hivyo, mama?" Wakiuru aliuliza, na sauti yake ilikuwa tulivu mno.

"Maji hayajakuja wiki hii, madam. Mgao wetu ni hivyo. Wiki ile nyingine pia hayakuja. Tunanunua ya mtungi, utamwaga namna gani?"

Abdifatah alikuwa ameshapiga funda. Alimeza kwa adabu, uso ukajikunja. "Mama, asante. Ina ladha ya... ni tamu."

"Usinywe tena," alisema Wakiuru. "Funga kifuniko. Hiyo sasa ni ushahidi."

Kisha akamgeukia mwenye nyumba na kumshika mkono, maana aliona hofu ikimpanda. "Mama Muoki, sikukasirikii. Niambie tu. Zile chupa za mzee zilizobaki chini ya meza, uliziosha?"

"Si lazima nizioshe?" Kathini aliwatazama wote wawili kama watu waliouliza kama huwa anafagia. "Zilikuwa na kitu kimebaki ndani, kinachoma pua. Nikasema, ofisi kubwa inatoa chupa chafu hivi? Halafu watasema ni sisi. Mimi chombo cha mtu hakitoki kwangu kikirudi kwake na uchafu. Mama yangu angefufuka. Nilizimwaga, nikazisugua, nikaziacha zikauke. Mzee akaamka akazipata ziko tayari."

"Hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba nimeosha vyombo?"

Hakuna aliyecheka. Wakiuru alitamani sana kucheka, lakini mwanamke aliyekuwa mbele yake alikuwa ameanza kuelewa. "Ni mimi," alisema Kathini. "Ni mimi nimemfunga."

"Wewe ndiye umemtoa," alisema Wakiuru, na akasema hivyo kwa furaha aliyoshindwa kuificha. "Twende."

Mursal aliwangoja mlangoni mwa maabara. Utaratibu ni utaratibu, na Wakiuru hakutaka wakili yeyote aje kuutoboa baadaye, kwa hivyo waliufuata wote. Maji ya chupa ya Abdifatah yalipimwa. Kando yake yalipimwa maji ya mtungi huo huo wa Kathini, yaliyobebwa kwa chupa mpya ya maabara. Ya mtungi hayakuwa na tatizo. Ya konstebo yalikuwa na fosforasi iliyopanda kama ile ya chini ya mashamba, bila udongo, bila naitrojeni. Mwishowe Mursal alichukua maji yaliyobaki ya sampuli mbili za mto, moja ya juu na moja ya chini, akazitikisa kila moja katika chupa yake. Povu la ile ya juu lilikufa papo hapo. La ile ya chini lilibaki likiwatazama.

"Sabuni," alisema Mursal. Aliketi. "Sisi huwaambia watu wasichafue chupa. Hatukuwahi kumwambia mtu asizioshe."

"Andika hivyo hivyo," Wakiuru alimwambia. "Na uandike kwamba sampuli za chini zimefutwa, na kwamba rasimu haiwezi kung'oa mashamba ya mtu kwa chupa zilizooshwa. Kesho maji yatachotwa upya."

Mkuu wa kituo aliisoma taarifa akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi, kisha akaita funguo. Jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa ya Jogoo Road Muthama alipotolewa seli. Alikuwa mwembamba kuliko Wakiuru alivyomkumbuka. Alirudishiwa mkanda, kofia, na kamba za viatu ndani ya bahasha, akasikiliza maelezo yote bila kukatiza.

"Kwa hivyo nimelala hapa kwa sababu ya usafi," alisema mwishowe.

"Usafi na mgao wa maji," alijibu Wakiuru. "Pole sana, mzee. Tulipaswa kuuliza mapema."

"Mke wangu yuko wapi?"

Alikuwa nje, ameshika kikapu kwa mikono yote miwili. Walipoonana hawakukumbatiana, hawakuwa watu wa hivyo. Kathini alianza kusema kitu, na mumewe akamwondolea kikapu mikononi akakibeba yeye. "Nimesikia," alimwambia. "Yameisha. Kuna chakula humo?" Kathini akatikisa kichwa kukubali, akifuta machozi kwa ncha ya leso.

Mwelu alikuwa amesimama mbali, karibu na lango, bado amevaa viatu vyake vya shambani. Alisogea hatua chache, akasimama tena.

"Shemeji. Ni mimi nilienda kuandikisha ushahidi."

"Niliambiwa."

"Sikudanganya. Nilisema nilichoona."

"Najua hukudanganya."

"Lakini nilifurahi." Aliyatoa maneno hayo kwa shida, akimtazama usoni. "Walipokutia pingu nilifurahi, shemeji. Nilisema moyoni, basi shamba limepona. Dada yangu alikuwa analia hapo kando, na mimi nimefurahi."

Kathini aligeuka, akamtazama mdogo wake. Abdifatah akatazama angani. Muthama akatafuta jiwe lililokuwa kando ya ukuta akaketi, kwa sababu miguu ilikuwa imechoka.

"Ningekuwa na shamba pale," alisema, "ningefurahi hata mimi."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Kesho naenda kuchota upya, juu na chini. Njoo tushike chupa pamoja, ili kusiwe na wa kusema. Dada yako atabaki nyumbani."

"Na ikitoka kwamba kweli ni sisi?"

"Tutapanda zile nyasi na kuchimba ile mitaro, na safari hii watasikiliza, maana wameona aibu. Lakini ijulikane kwa maji ya mto, si kwa mimi kufungwa."

Alifungua bahasha na kutoa kamba za viatu. Alijaribu kuingiza ya kwanza kwenye tundu, ikakosa, akajaribu tena. Seli ya jana ilikuwa bado mikononi mwake, katika vidole vile vile vilivyochonga simba wenye manyoya ya kuhesabika. Wakiuru alipiga hatua kumsaidia, lakini Mwelu alikuwa amewahi. Alipiga magoti vumbini mbele ya shemeji yake, mbele ya dada yake, na mbele ya kituo kizima cha polisi, akamnyang'anya kamba. Aliipitisha tundu kwa tundu, akafunga kiatu cha kwanza, akahamia cha pili, akavuta mafundo kwa nguvu zake zote, bila kuinua kichwa.

"Umekaza sana," alisema Muthama.

"Vumilia," alisema Mwelu.